Ramani za Barafu, Majina ya Madeni

Rudolf, aliyekuwa mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria na Hungaria, hakuwahi kukanyaga Turkana wala kufika karibu na Ncha ya Kaskazini, lakini jina lake liliandikwa kote kuwili. Aprili 1874 Julius Payer, mmoja wa viongozi wa msafara wa Austria na Hungaria, alifika kwenye kisiwa cha mwisho kaskazini katika visiwa ambavyo msafara huo ulikuwa umeviita Franz Josef, jina la baba yake Rudolf. Kisiwa hicho cha mwisho akakipa jina la mtoto. Miaka 14 baadaye, Machi 1888, Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, wasafiri kutoka himaya hiyohiyo, walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini mwa Kenya ya leo. Wenyeji walikuwa na jina lao, na Höhnel mwenyewe alilirekodi: Basso Narok. Hata hivyo wageni hao wakaliita Rudolf. Januari 1889 mrithi huyo akafariki. Ziwa lilirudishwa kwa wenyewe mwaka 1975 lilipoitwa Turkana. Kisiwa, ambacho leo kiko chini ya Urusi, bado kinaitwa Rudolf, kwa kuwa hakikuwa na wenyeji wa kukidai.

Majira ya baridi ya mwaka 1899 kuingia 1900, Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Abruzzi kutoka Italia, alikaa kwenye kisiwa hichohicho, meli yake Stella Polare ikiwa imebanwa na barafu. Baridi ilimla vidole, akabaki kambini huku Umberto Cagni akiongoza sleji za mbwa hadi latitudo 86°34′ kaskazini, mahali ambapo hakuna mtu aliyejulikana kufika kabla yake. Mwaka 1906 mwanamfalme huyo alikuwa Uganda, akipanda Ruwenzori. Kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, alikiita Margherita, malkia mama wa Italia. Kinachokifuata akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Bakonzo, waliokuwa wakiishi kwenye miteremko ya mlima ule tangu enzi za mababu, hawakuulizwa.

Ndiyo maana naona kwamba habari ya majina ya ncha za dunia inatuhusu. Waliotoa majina kule ni walewale waliotoa majina huku, kwa desturi ileile. Na kule, mahali penye watu wachache au pasipo watu kabisa, desturi hiyo inaonekana wazi zaidi. Hoja yangu ni hii: jina la mahali litoke kwa anayepajua. Likitolewa kulipa deni, kumpendeza mkubwa au kuweka alama ya umiliki, ramani huanza kusema uongo, na kwenye barafu uongo wa ramani umeua watu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na misafara ya barafuni ilikuwa ghali mno. Meli, mbwa, chakula cha miaka miwili au mitatu, mishahara ya mabaharia: yote yalihitaji tajiri. Tajiri naye hakuwa na faida ya kuvuna kule isipokuwa jina. Kwa hiyo Ernest Shackleton alipopata njia ya kupandia kuelekea Ncha ya Kusini mwaka 1908, mto ule mkubwa wa barafu aliuita Beardmore, jina la mwenye viwanda wa Uskoti aliyemsaidia kwa fedha. Otto Sverdrup wa Norway, aliyepima visiwa vya kaskazini mwa Kanada kati ya 1898 na 1902, alikiita kimoja Axel Heiberg na viwili vingine Amund Ringnes na Ellef Ringnes. Ndugu hao wa Ringnes walikuwa watengenezaji wa bia mjini Oslo. Richard Byrd wa Marekani aliwapa akina Rockefeller uwanda na Edsel Ford safu ya milima huko Antaktika. Shukrani si dhambi, na bila fedha hizo tungejua machache sana. Lakini jina likishakuwa ujira, msafiri hujikuta na haja ya kuona nchi hata pasipo na nchi.

Mwaka 1818 John Ross wa jeshi la maji la Uingereza aliingia Lancaster Sound akitafuta njia ya kupita kaskazini mwa Amerika. Mbele yake aliona milima imeziba njia. Akaiita Croker, kwa jina la katibu wa wizara ya jeshi la maji, akageuza meli, ingawa baadhi ya maofisa wake hawakuona kitu. Mwaka uliofuata William Parry, aliyekuwa naye safari ile, alirudi na kupita moja kwa moja mahali palipochorwa milima. Yalikuwa mazigazi. Hewa baridi iliyolala juu ya barafu hupinda mwanga, na kilicho chini ya upeo wa macho huinuliwa kikaonekana kama safu ya majabali. Kosa hilo Ross alilibeba maisha yake yote, lakini angalau hakuna aliyekufa.

La Robert Peary halikuisha hivyo. Mwaka 1906, akiwa kwenye ncha ya kaskazini ya Axel Heiberg ambayo aliita Cape Thomas Hubbard, jina la mmoja wa viongozi wa klabu iliyokuwa ikimchangia, Peary alitazama kaskazini-magharibi. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1907 alisema aliona vilele vya nchi ya mbali. Aliita nchi hiyo Crocker Land, kwa jina la George Crocker, tajiri wa California aliyekuwa ametoa dola 50,000 kwa msafara huo. Shajara aliyoandika siku zilezile, iliyokuja kusomwa na watafiti baadaye, haina nchi hiyo. Kama aliona mazigazi au alitunga, wanahistoria bado wanabishana. Kwangu mimi ukimya wa shajara una uzito kuliko maneno ya kitabu kilichoandikwa ili kumridhisha mfadhili.

Mwaka 1913 ukaondoka msafara kamili kuitafuta Crocker Land, ukiungwa mkono na taasisi zenye heshima kubwa mjini New York, chini ya Donald MacMillan. Machi 1914 ulianza safari ya sleji, na Aprili walibaki wanne juu ya bahari iliyoganda: MacMillan, Fitzhugh Green, na Wainughuit wawili wa kaskazini mwa Greenland, Piugaattoq na Ittukusuk. Kukapambazuka wakaona vilima, mabonde na vilele vyeupe mbele yao. Wamarekani wakafurahi. Piugaattoq, mwindaji aliyekuwa ameishi na barafu ile maisha yake yote, akawaambia kwamba ule ni ukungu. Hawakumsadiki. Waliendelea kwa siku kadhaa juu ya barafu nyembamba, na nchi ikawa inabadilika umbo kadiri jua lilivyozunguka, hadi ikatoweka machoni pao.

Wakati wa kurudi MacMillan aliwatuma Green na Piugaattoq wapime pwani ya magharibi ya Axel Heiberg. Dhoruba ikawakamata, mbwa wa Green wakafa, wakabaki na sleji moja. Mwanzoni mwa Mei 1914 Green alimpiga Piugaattoq risasi, kwa maelezo kwamba alikuwa akienda kasi na kumwacha nyuma. MacMillan alipoambiwa, aliamua jamaa za marehemu waelezwe kwamba aliangukiwa na theluji. Green hakushtakiwa. Aliyesema kweli kuhusu ramani ndiye aliyelala kwenye theluji, na aliyemuua akarudi kwao akaendelea na kazi jeshini.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu wengi hukisimulia kama kioja cha mazigazi, na jina la Piugaattoq huachwa pembeni. Jina la tajiri ambaye hakwenda kokote likabuni nchi isiyokuwepo. Mtu aliyeijua bahari ile hukumbukwa na wachache tu.

Kuna kisa kingine cha Peary, na kwa maoni yangu hiki ndicho kizito zaidi. Mwaka 1892, akiwa kaskazini-mashariki mwa Greenland, alisimama juu ya jabali akatazama chini na kuandika kwamba kuna mkondo wa bahari unaokata kutoka pwani moja hadi nyingine, na kuitenga Greenland na nchi iliyo kaskazini yake. Mkondo ukaingia kwenye ramani kwa jina la Peary Channel, na nchi iliyo ng'ambo ikaitwa Peary Land. Hakuteremka kuufuata mkondo huo hadi mwisho.

Mwaka 1906 Wadenmaki walituma msafara kwenda kuikamilisha ramani ya pwani hiyo. Mkuu wake, Ludvig Mylius-Erichsen, aliondoka na wenzake wawili katika majira ya kuchipua ya 1907: Niels Peter Høeg Hagen, mchora ramani, na Jørgen Brønlund, mzaliwa wa Greenland. Ramani waliyokuwa nayo iliwapotosha tangu mwanzo. Pwani ilijitokeza mbali upande wa mashariki kuliko ilivyochorwa, hivyo chakula kikaliwa kwenye kilomita ambazo hazikuhesabiwa. Wakaingia kwenye hori refu wakidhani ndio mkondo wa Peary, wakaenda hadi mwisho wake wakakuta nchi kavu. Wakatoka, wakaingia hori la pili. Huko wakathibitisha kwamba Peary Channel haipo kabisa: Peary Land imeungana na Greenland.

Kufikia hapo barafu ya baharini ilikuwa imeanza kuyeyuka, njia ya kurudi ikafungwa, na ikawabidi wapitishe kiangazi chote nyikani, viatu vimechakaa na mawindo ni haba. Novemba 1907, gizani, walijaribu kurudi wakipita juu ya barafu ya bara. Hagen akafa, kisha Mylius-Erichsen. Brønlund aliendelea peke yake, miguu imeganda, hadi kwenye akiba ya chakula walikojua wenzao wangekuja kutafuta. Hapo aliandika kwenye shajara yake habari ya vifo vya wenzake na mahali walipofia, akaweka karibu yake chupa yenye michoro ya ramani ya Hagen, kisha naye akafa. Wenzao waliipata maiti yake na karatasi hizo mwaka 1908. Mwaka 1910 Ejnar Mikkelsen na Iver Iversen walipata, ndani ya marundo ya mawe kando ya hori la kwanza, ujumbe ambao Mylius-Erichsen alikuwa ameuacha, unaosema wazi kwamba mkondo haupo.

Brønlund alikuwa anakufa, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kuhakikisha ramani sahihi inawafikia walio hai. Sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo katika historia nzima ya upimaji wa nchi. Leo kuna hori linaloitwa kwa jina lake, na ni haki. Lakini liko ndani ya Peary Land. Jina la aliyekosea limekalia nchi nzima, na la aliyesahihisha limepewa ghuba nyembamba ndani yake. Mimi ningeyabadilishia nafasi.

Watu walitumaini ndege zingemaliza makosa haya. Mwaka 1928 Hubert Wilkins alirusha ndege juu ya rasi ndefu ya Antaktika inayoelekea Amerika ya Kusini. Kutoka juu aliona mikondo ya bahari imeikata rasi vipandevipande, akaipa majina, na nchi iliyokuwa kusini yake akaiita Hearst, mwenye magazeti wa Marekani aliyemlipa. Kati ya 1934 na 1937 msafara wa Waingereza chini ya John Rymill uliipita nchi hiyo kwa sleji. Hakukuwa na mkondo hata mmoja, kwa kuwa alichokiona Wilkins kilikuwa mito ya barafu inayoteremka mabondeni. Miaka kumi baadaye Wamarekani walipeleka Antaktika msafara mkubwa wa kijeshi, Operesheni Highjump ya 1946–47, ukapiga picha za angani zipatazo 70,000. Nyingi hazikufaa kuchorea ramani, kwa kuwa hakukuwa na alama za ardhini zilizopimwa ili picha zifungamanishwe nazo. Ilibidi mwaka uliofuata watumwe watu wengine kwa helikopta, wakashuke, wasimame juu ya miamba na kupima.

Kuona kutoka mbali hakutoshi, hata leo tukiwa na setilaiti zinazopima urefu wa karibu bara zima la Antaktika kwa usahihi wa mita chache. Mwaka 2021 wanasayansi wa Denmark na Uswisi walishuka kaskazini mwa Greenland kwenye kisiwa kidogo ambacho kiligeuka kuwa kaskazini zaidi ya visiwa vyote vilivyojulikana. Wakapendekeza kiitwe kwa Kigreenland, Qeqertaq Avannarleq. Mwaka 2022 walirudi wakapima kina cha bahari chini yake, wakagundua kwamba si kisiwa. Ni barafu bapa iliyofunikwa na udongo na kokoto. Wakatangaza wenyewe. Nawasifu kwa hilo kwa dhati. Walikosea kama Ross alivyokosea, lakini hawakuwa na mfadhili wa kumridhisha, na ukweli ulichukua mwaka mmoja tu badala ya miaka 15 na makaburi matatu ya mkondo wa Peary.

Kule kaskazini walikuwepo watu wa kuulizwa tangu mwanzo. Parry, yuleyule aliyepita katikati ya milima ya Croker, alikwama kwenye barafu majira ya baridi ya 1821 kuingia 1822. Mwanamke Mwinuiti aliyeitwa Iligliuk alimchorea pwani iliyokuwa mbele, pamoja na mlango wa bahari wa kuelekea magharibi. Parry alikwenda kiangazi akaukuta pale alipoambiwa. Akaupa majina ya meli zake mbili, Fury na Hecla. Mwaka 1885, mashariki mwa Greenland, Kunit, Mwinuiti wa huko, alimpa Gustav Holm wa Denmark ramani alizozichonga kwa mti, kila hori na kila ncha ya pwani ikiwa imekatwa kwenye ubao; mtu akiishika aliweza kuisoma kwa vidole, hata gizani. Na John Franklin alipopotea na watu wake, jumla yao 129 pamoja naye, katika safari iliyoanza 1845, Wainuit walieleza walichokiona, lakini London ilikataa kuamini. Meli yake Erebus ilipatikana mwaka 2014 upande uleule ambao masimulizi yao yalikuwa yakielekeza kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Wainuit hawakuwa na mazoea ya kuita nchi kwa majina ya watu. Jina lilieleza kinachopatikana pale au hatari iliyopo, na msafiri aliyeyajua majina alikuwa tayari ameijua njia. Kwa hiyo kazi inayofanyika Nunavut, kaskazini mwa Kanada, ya kuketi na wazee na kuandika majina yao kwenye ramani rasmi, ni kazi ya usalama na si ya hisia tu. Mji wa Frobisher Bay uliitwa Iqaluit mwaka 1987. Cape Dorset ikawa Kinngait mwaka 2020. Kuuliza si ujinga, na serikali ya Kanada, baada ya kuchelewa sana, imeuliza.

Antaktika ni habari nyingine kwa kuwa hakuna mwenyeji wa kuulizwa. Wapo wanaosema basi jina lolote linafaa, halimdhuru mtu. Sikubaliani nao. Rasi ileile ya Wilkins kwa miaka mingi iliitwa Graham Land na Waingereza, Palmer na Wamarekani, O'Higgins na Wachile, San Martín na Waajentina; kila mmoja alitumia jina kudai nchi. Waingereza na Wamarekani walipatana mwaka 1964 kuiita Rasi ya Antaktika, kaskazini ikibaki Graham na kusini Palmer. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini na nchi 12 tarehe 1 Desemba 1959, Afrika Kusini ikiwa nchi pekee kutoka bara letu, ulisimamisha madai ya nchi saba bila kuyakubali wala kuyakataa. Mashindano yakahamia kwenye majina. Kisiwa ambacho Waingereza wanakiita King George, chenye vituo vya utafiti vya mataifa mengi, ni 25 de Mayo kwa Waajentina na Waterloo kwa Warusi. Bulgaria peke yake imeyapa majina zaidi ya maeneo elfu moja, mengi kwa majina ya miji na watawala wa kwao. Orodha ya pamoja inayotunzwa na kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktika ina majina zaidi ya 35,000 kwa maeneo yapatayo 19,000.

Fikiria rubani anayetafuta majeruhi ambaye wenzake wametaja mahali kwa jina lisilo kwenye ramani yake. Kamati hiyo imekuwa ikizisihi nchi zisitoe jina jipya pale penye jina tayari, na naiunga mkono. Kamati ya Marekani nayo ina kanuni nzuri: haikubali majina ya bidhaa, ya mbwa, wala ya wafadhili wanaoutumia mchango wao kujitangazia biashara. Kanuni hiyo ilikuja kwa kuchelewa, lakini ingefaa ifuatwe na wote.

Mwaka 2021, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Uingereza ilitangaza majina ya mito tisa ya barafu huko Antaktika Magharibi, mito inayolisha barafu kubwa inayoelea iitwayo Getz. Watafiti walikuwa wameonyesha kwamba mito ya eneo hilo iliongeza mwendo kwa wastani wa karibu asilimia 24 kati ya 1994 na 2018, na barafu ya tani bilioni 315 ilipotea. Majina yaliyochaguliwa ni ya miji iliyokuwa na mikutano au ripoti muhimu za tabianchi: Geneva, Rio, Berlin, Kyoto, Bali, Stockholm, Paris, Incheon na Glasgow. Nia ilikuwa njema, na ni jambo kubwa kwamba safari hii jina linakumbusha wajibu badala ya kumlipa tajiri. Getz mwenyewe alikuwa mtu wa Chicago aliyesaidia kupatikana kwa ndege ya msafara wa Byrd. Lakini soma tena orodha hiyo. Nairobi iliandaa mkutano kama huo wa tabianchi mwaka 2006, na ndiyo makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Durban iliandaa mwaka 2011, Marrakech mwaka 2001 na tena 2016. Hakuna hata mji mmoja wa Afrika. Bara lililochangia kidogo sana joto hili halikukumbukwa hata kwenye barafu inayoyeyuka kwa sababu ya joto hilohilo, na mapendekezo ya majina hayo hayakupitia mikononi mwetu; isitoshe, si Kenya, si Tanzania, si Uganda iliyo mwanachama wa Mkataba wa Antaktika. Uanachama uko wazi kwa nchi yoyote ya Umoja wa Mataifa. Serikali zetu zijiunge. Tusiende kule kuongeza majina ya marais wetu juu ya 35,000 yaliyopo. Twende kupigania kanuni kwamba jina ni moja, halinunuliwi, na haliandikwi na mtu ambaye hajapima.

Na hapa nyumbani kuna kazi isiyosubiri mkataba. Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi zimebaki na majina ya wenyeji, na kilele kilichoitwa Kaiser Wilhelm kikawa Uhuru mwaka 1961. Lakini barafu zake bado zinaitwa Penck, Credner, Heim, Decken na Drygalski, huyo wa mwisho akiwa kiongozi wa msafara wa Wajerumani kwenda Antaktika mwaka 1901. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu za Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori zinatazamiwa kuisha ifikapo 2050. Idara za upimaji na ramani za Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na vyuo vikuu vyetu, ziwatume vijana wao sasa kwa wazee wa Marangu, wa Nyeri na wa Kasese, wakiwa na ramani mkononi, waulize kila bonde, kila mto na kila mwamba unaitwaje, wayaandike yote, na wayachapishe wakati wazee hao wangali hai.